Kifua Wazi Kina Mahali Pake

Leo tuzungumzie kutembea kifua wazi mjini.

Jioni pale Forodhani, Unguja, vijana hupiga mbizi baharini vifua wazi na watu huwashangilia. Hakuna anayekereka, maana bahari ina vazi lake. Lakini kijana yuleyule akikatiza hivyo hivyo sokoni Darajani, au mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali, amewavunjia heshima. Mama aliyemshika binti yake mkono hulazimika kugeuza uso. Joto tunalijua sote. Mwezi wa Februari hata shati jepesi hulowa. Ndiyo maana wazee wetu walivaa kanzu pana, inayopitisha upepo.

Msuli na fulana barazani kwako, sawa kabisa. Msibani au ofisini, hapana.

Wageni nao hutoka ufukweni Nungwi na nguo za kuogelea, wakaingia nazo Mji Mkongwe. Wengi hawajui, na wakielezwa kwa upole hujitanda kanga papo hapo. Nyinyi mnaowatembeza, waambieni wakiwa bado hotelini. Nawe kijana wangu, vaa shati lako kabla hujavuka barabara.