Daktari Kwanza, Ndipo Punda Aende Kazini

Maneno tuliyosema mbele ya wazee, walimu na wenye punda wa Pasua, Moshi



Twataka kunena leo juu ya jambo lililokwisha kuleta magomvi mengi. Mtu wa Pasua ana punda, walakini hana majani ya kumtosha. Naye ana rafiki huko Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Wakapatana hivi: mchukue, umlishe, umtunze, na badala ya malipo umtumie kubeba magunia yako. Mapatano haya si mabaya. Hata Uingereza wenye farasi hufanya kama hivyo: farasi huwekwa katika zizi la mtu mwingine, na mwenye zizi hupunguza gharama ya malisho kwa kuwa amtumia yule farasi kufundishia watu kupanda. Lakini huko mtu mwangalifu humwita daktari wa mifugo kabla farasi hajaondoka kwake. Sisi hutafuta kamba tu, tukamswaga mnyama njiani.

Twajua shauri la mama mmoja mjane aliyemtoa punda wake kwa namna hii. Baada ya miezi miwili alirudishiwa mnyama achechemeaye, mwenye kidonda mabegani. Mama akasema, "Nilikupa mzima." Yule bwana akajibu, "Ulinipa kilema." Wazee waliketi tangu asubuhi hata jua likachwa, wasiweze kukata shauri, maana hapakuwa na mtu aliyempima punda siku ya kutoka. Mama alikuwa amekusudia kuuza maji kwa punda huyo wakati wa kiangazi, apate sare na madaftari ya watoto. Kiangazi kikaja, na punda hawezi kukanyaga mguu wa mbele.

Basi, yafaa daktari aitwe wiki mbili kabla ya safari, wala si asubuhi ile ile ya kuondoka. Damu yapaswa kutazamwa kwa ajili ya nagana, yaani ugonjwa wa mbung'o. Tena dawa ya minyoo na chanjo zataka muda kufanya kazi yake. Mmojawapo wa magonjwa yenye chanjo ni pepopunda, na jina lenyewe latuonya.

Atakapokuja, mwenye punda na mpokeaji wote wawili wasimame hapo, wasikie kwa masikio yao. Daktari atafungua kinywa, kwa kuwa umri wa punda husomwa menoni: meno ya mbele ya kudumu hutoka tangu miaka miwili na nusu hata minne na nusu, na punda ambaye bado hajatimiza miaka mitatu hafai kutwishwa magunia. Atapima joto, ambalo kwa punda mzima ni kama 37, na mapigo ya moyo, 36 hata 52 kwa dakika akiwa ametulia. Ataminya mgongo, atainua kila ukwato, kisha ataomba punda atembezwe na kukimbizwa kidogo penye ardhi ngumu. Punda jike atazamwe kama ana mimba, maana huchukua mimba karibu mwaka mzima.

Hapa twaomba msikilize sana. Punda huficha maumivu. Watu husema asante ya punda ni mateke, nasi twaona wamemsingizia. Mara nyingi yeye husimama kimya tu, ameinamisha kichwa, na bwana wake adhani amechoka, kumbe ni mgonjwa sana. Tena, punda aliyezoea mwenzake akitengwa naye aweza kuacha kula. Ndipo mafuta ya mwili hujaa katika damu na kumwua kwa siku chache. Kwa hiyo daktari aulizwe habari ya mwenzake pia. Ikiwezekana waende wawili.

Na ikiwa huko aendako kuna farasi, daktari aambiwe mapema. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi wa jioni na usiku. Farasi wengi waupatao hufa, lakini punda aweza kuwa nao damuni asionyeshe dalili. Mwaka 1916 jeshi la Smuts liliingia Moshi. Na farasi waliotoka hapa kwenda Kondoa Irangi pamoja na van Deventer walikufa njiani kwa wingi.

Kisha karatasi. Daktari aandike alichokiona: umri, rangi, makovu, kwato, hali ya mgongo, na kazi ambayo punda aiweza. Nakala moja kwa mwenye punda, moja kwa mpokeaji, moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Alama ziandikwe vizuri, kwa kuwa biashara ya ngozi imewatamanisha wezi, ijapokuwa Umoja wa Afrika ulikubali mwezi wa Februari 2024 kukataza kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Kibali cha kumsafirisha kiombwe kwa afisa mifugo wakati huo huo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamlinda punda kama ng'ombe, hata akiwa mikononi mwa mtu asiye bwana wake.

Wengine watauliza, nani atalipa? Sisi twaona walipe nusu kwa nusu, na siku ya kurudi daktari aitwe tena kwa mpango huo huo, karatasi ya kwanza ikiwa mkononi mwake.