Digrii Moja ya Panga
Hotuba kwa mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani

 Katibu ameniomba nieleze kazi yangu ya ufundi wa ndege ndogo. Kazi hiyo ni pana, kwa hiyo nitachukua kipande kimoja tu: kupima na kurekebisha mwinamo wa mapanga ya propela.

Propela ni ndugu wa skrubu. Skrubu ikizungushwa huingia ndani ya mbao. Propela nayo hujipenyeza hewani. Panga likiwa na mwinamo mdogo, injini huzunguka kwa wepesi na ndege hupaa vizuri, lakini safarini haina mbio, na injini yaweza kupita kasi iliyowekewa. Mwinamo ukiwa mkubwa, mbio za safari zipo, lakini wakati wa kuruka injini huelemewa, kama mtu apandaye mlima kwa baiskeli yenye gia nzito.

Zipo propela za kipande kimoja, ambazo mwinamo wake haurekebishwi kiwanjani. Zipo ambazo mwinamo wake hubadilika ndege ikiwa angani. Nizungumzazo mimi ni zile ambazo fundi huzirekebisha ndege ikiwa chini, na hutumika sana katika ndege ndogo zenye injini ya Rotax 912.

Vijana mlio madarasani huuliza hesabu za tanjenti zina faida gani. Chukueni propela yenye kipenyo cha mita 1.72. Tunapima pembe kwenye robo tatu ya urefu wa panga kutoka katikati, yaani sentimita 64.5. Mduara wa hapo ni mita 4.05. Pembe ikiwa digrii 16, kwa nadharia mzunguko mmoja husogea mita 1.16, ikiwa 17, mita 1.24. Injini ya nguvu za farasi 100 ikizunguka mara 5,500 kwa dakika, gia hupunguza mizunguko ya propela hadi kama 2,263. Basi digrii moja tu ni tofauti ya zaidi ya mita 170 kila dakika.

Kazi yenyewe huanza kwa kuzima swichi zote na kutoa ufunguo. Hata hivyo panga huliheshimu kama bunduki yenye risasi, maana waya mmoja ukikatika injini yaweza kuwaka kwa kusukumwa na mkono. Kisha naweka kabari magurudumuni, na kipimapembe nakianzisha sifuri kwenye uso wa kitovu cha propela. Panga nalilaza sawa na ardhi kwa pimamaji, natia alama mahali pa kupimia, nasoma. Panga limepindwa: pembe ya shinani ni kubwa kuliko ya nchani. Kwa hiyo alama ikikosewa, kipimo chote ni uongo. Kila panga hupimwa likiwa upande uleule, na yote yalingane, la sivyo ndege itatetemeka.

Baada ya kurekebisha, bolti hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa spana yenye kupima nguvu, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Kisha napima tena, kwa sababu kule kukaza huweza kulisogeza panga. Mwisho injini hujaribiwa chini, halafu angani: isizidi mizunguko 5,800, nayo hiyo ni kwa dakika 5 tu, ya kudumu ni 5,500.

Ndugu zangu, sehemu ngumu si spana. Mwenye ndege mmoja alinitaka nimwongezee digrii mbili apate mbio. Kiwanja chake kilikuwa kifupi, na mwisho wake kulikuwa na miti. Sikubishana naye. Nilimwongezea, tukaifunga ndege kwa kamba, tukaijaribu. Mwanzoni injini ilikuwa ikifika 5,250; sasa iliishia 4,800. Nikamwambia: mizunguko iliyopotea hapa ndiyo ingekuvusha juu ya miti. Akasema miti ni shauri lake. Nikamwuliza kiti cha pili hukaa nani. Akajibu, mwanawe, mwanafunzi wa kidato cha pili.

Nilirudisha mapanga mahali pake, nikapima, nikaandika katika daftari la ndege, nikatia sahihi. Aliondoka amenuna, na hajarudi kwangu tena. Mshahara wa mwezi ule ulipungua, na nyumbani tuliusikia upungufu huo.

Nawaeleza haya kwa sababu wengi wenu ni watu wa kutia sahihi: madaktari, wahasibu, wahandisi, walimu wenye kusahihisha mitihani. Anayelipa hutaka digrii mbili. Anayekaa kiti cha pili hakuulizwa. Sahihi yako ndiyo sauti yake peke yake.

Nanyi vijana, atakayependa ufundi huu aje tuzungumze baada ya chakula. Aje na kipimapembe chake cha darasani. Nitamwonyesha pa kukiweka.