NAULI YA FAMILIA ITOKE KATIKA AKIBA, ISITOKE KATIKA KOROSHO ZILIZO MTINI

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Kibaha na Kisarawe



Katika vikao vya ushirika husemwa sana habari za mizani, magunia, viuatilifu na malipo ya mnada. Ni nadra kusikia habari za nauli. Hata hivyo, katibu yeyote aliyekaa ofisini japo msimu mmoja anajua kwamba mwanachama anayebisha hodi asubuhi na mapema, kofia mkononi, mara nyingi hakuja kuomba fedha za shamba. Amekuja kuomba fedha za safari. Mtoto anatakiwa shuleni keshokutwa. Mama mkwe amefariki Tabora. Binti anaozwa Tanga na wazee hawana budi kufika. Yote hayo ni mambo ya heshima, wala hapana awezaye kumlaumu mtu kwa kuyatimiza. Linalofaa kutazamwa ni mahali zinapotoka fedha za kuyatimizia.

HASARA HUANZIA WAPI

Mkulima wa korosho hupata fedha zake kwa msimu. Katika Mkoa wa Pwani minada hufanyika kuanzia miezi ya Oktoba na Novemba, na malipo hufuata baada ya mzigo kuuzwa. Safari za familia hazingoji msimu huo. Shule hufunguliwa Januari, kidato cha tano huanza Julai, na misiba haina kalenda. Basi inapofika Agosti au Septemba, mikorosho imechanua na nyumba haina senti. Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapopata njia ya kuingia. Hana haja ya kumshawishi mkulima kwa maneno mengi, maana shida imekwisha kumshawishi.

Ichukuliwe familia moja ya kufikirika, na bei za mfano tu ambazo si za msimu wowote. Baba anahitaji Sh. 60,000 za kumrudisha mtoto shuleni. Anapewa fedha hizo kwa ahadi ya kilo 60 za korosho, yaani Sh. 1,000 kwa kilo. Msimu unapofika, mnada unatoa Sh. 2,500 kwa kilo. Kilo zile 60 zingeleta Sh. 150,000. Kwa hiyo safari ya Sh. 60,000 imeigharimu familia Sh. 150,000, na tofauti ya Sh. 90,000 haikwenda kwa mwenye basi wala kwa mwenye shule. Imebaki kwa mnunuzi. Chama nacho kimekosa kilo 60 ghalani. Wanachama 100 wakifanya hivyo, chama kimekosa tani 6.

Ni dhahiri kwamba nauli ya familia ni jambo la ushirika, kwa kuwa shimo linalovujisha mazao huanzia mfukoni mwa msafiri.

SAFARI ZINAZOJULIKANA NA ZISIZOJULIKANA

Safari za familia ni za namna mbili. Zipo zinazojulikana tarehe yake tangu mwanzo wa mwaka: mtoto kwenda na kurudi shuleni, sikukuu, arusi iliyokwisha kupangwa, kliniki ya mgonjwa wa muda mrefu. Mzazi mwenye kijana Shule ya Sekondari Kibaha au Minaki, naye anaishi mbali, anazijua siku za kufungua na kufunga. Mzazi wa Maneromango au Magindu mwenye mtoto anayesoma mkoa mwingine anazijua vilevile. Safari hizi zisiitwe dharura. Zikiitwa dharura, ni kwa sababu hazikuandikwa.

Namna ya pili ni ya misiba na magonjwa. Siku yake haijulikani, lakini kuja kwake kunajulikana. Haupiti mwaka katika ukoo mkubwa bila msiba hata mmoja wa mbali.

Yafaa basi kila familia ichukue ukurasa mmoja wa daftari na kuandika safari za mwaka mzima: aendako msafiri, mwezi, idadi ya watu, nauli ya kwenda na kurudi, na gharama za njiani. Mstari wa mwisho uachwe kwa ajili ya msiba mmoja. Ikiwa jumla, kwa mfano, ni Sh. 360,000, familia ina njia mbili. Ya kwanza ni kuzitenga zote siku ile ile malipo ya korosho yanapopokewa, kabla ya kununua bati wala kitenge. Ya pili ni kuweka Sh. 7,000 kila wiki kutokana na mihogo, nazi, mafenesi au vitumbua, na baada ya majuma 52 zitakuwa Sh. 364,000. Familia nyingi zitaona njia hii ya pili ni nyepesi, na aghalabu anayeiweza zaidi ni mama. Kwa hiyo baba asilifungie daftari hilo sandukuni mwake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kikichotwa na mtu mmoja bila wenzake kujua.

KUCHAGUA NJIA

Baada ya fedha kupatikana, kinachofuata ni kuzitumia kwa akili. Wilaya za Kibaha na Kisarawe zina bahati ya njia nyingi, na kwa sababu hiyo msafiri asiyeuliza hupoteza zaidi.

Reli ni jambo la zamani katika nchi hii. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilipita Pugu, Soga na Ruvu. Reli ya kisasa, ambayo wengi huiita SGR, ina stesheni zenye majina hayo hayo matatu. Treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huo. Nauli ya daraja la kawaida wakati huo ilikuwa Sh. 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na Sh. 31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa chini ya miaka minne hakulipiwa, na wa miaka minne hadi kumi na miwili alilipiwa nusu.

Na ipigwe hesabu ya baba, mama, watoto wawili wa miaka sita na kumi, na mchanga wa miaka miwili. Kwenda Morogoro kwa viwango hivyo, wakubwa wawili ni Sh. 26,000, watoto wawili Sh. 13,000, na mchanga hana nauli. Jumla ni Sh. 39,000. Familia isiyojua kanuni ya watoto hutenga nauli tano kamili, yaani Sh. 65,000, au huwaacha watoto nyumbani kwa kudhani haiwezi. Ni busara kuchukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili umri usigeuke kuwa ubishi dirishani.

Kosa la pili ni la mahali pa kupandia. Mtu wa Kisarawe mjini huenda mpaka katikati ya jiji kuifuata treni, kisha treni hiyo humrudisha Pugu, jirani na alikotoka. Amelipa daladala, ameamka usiku, na pengine amelala kwa ndugu ambaye naye hakujiandaa kumpokea. Mtu wa Mlandizi aweza kufanya kosa lilo hilo huku Ruvu ikiwa karibu naye. Lakini si kila treni husimama stesheni ndogo, kwa hiyo yapasa kuuliza kwanza ni treni ipi na ni saa ngapi. Kwa upande wa kusini, reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita Mzenga wilayani Kisarawe. Huko pia msafiri aulize habari za treni kabla ya kufunga mzigo.

Mabasi ya bara huanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, na mengi hupita Kibaha. Familia ya Kibaha iulize kama basi lina ruhusa ya kupakia Kibaha na kwa nauli gani, kabla ya kurudi nyuma kulifuata Mbezi. Mtu wa Maneromango anayekwenda Morogoro aipime njia ya kutokea Mlandizi, badala ya kuzunguka Dar es Salaam. Ila wakati wa masika aulize kwanza hali ya barabara.

Daraja la basi nalo lina bei yake. Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliweka kikomo cha nauli kuwa Sh. 48.47 kwa kilometa kwa basi la kawaida, na Sh. 67.84 kwa basi la daraja la kati. Kwa safari ya kilometa 500 tofauti ni karibu Sh. 9,700 kwa mtu mmoja. Kwa nauli tano ni zaidi ya Sh. 48,000. Mgonjwa na mzee wanastahili kiti cha raha. Kijana mwenye afya aweza kuvumilia siku moja. Viwango hivi hubadilika, na katibu afanye kazi njema ya kubandika vya wakati huo katika ubao wa chama, ili mwanachama akimkuta mpiga debe mwezi Desemba ajue kikomo cha halali na adai tiketi yenye nauli aliyolipa.

AKIBA ZA UONGO

Kuna kubana matumizi ambako mwisho wake ni hasara. Kupakia watu watatu nyuma ya bodaboda, mtindo unaoitwa mishikaki, huokoa nauli ndogo na kuhatarisha mguu wa mtoto. Kupanda juu ya mzigo wa lori ni vivyo hivyo. Fedha zilizookolewa namna hiyo zimewahi kulipwa hospitalini, na wengine wamelipa zaidi ya fedha.

Kwa upande mwingine, ipo akiba ya kweli inayodharauliwa. Chapati, mihogo ya kuchemsha na maji yaliyofungwa nyumbani huiepusha familia ya watu watano na bei za madirishani mwa basi. Mkono mtupu haulambwi, na msafiri wa Pwani huona haya kwenda bara bila nazi na korosho. Lakini gunia zima hulipiwa mzigo, na kilo mbili zilizobanguliwa vizuri zina heshima ile ile.

Lipo pia jambo zito la kuamua nani asafiri. Msiba unapotokea mbali, nyumba nzima hutaka kwenda, kwa upendo na kwa kuchelea maneno ya watu. Wazee wa ukoo wanaweza kuondoa hofu hiyo kwa kukubaliana mapema kwamba wawili au watatu watawakilisha, na waliobaki watatuma rambirambi. Uamuzi huo ukifanywa siku ya matanga huumiza mioyo. Ukifanywa kabla, katika kikao cha ukoo, huwa ni utaratibu.

KAZI YA CHAMA NA YA KATIBU

Chama cha mazao kisikusanye fedha za nauli na kuziweka katika droo ya katibu, hata katibu awe mwaminifu namna gani. Kuweka na kukopa ni kazi yenye sheria yake, hasa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo inataka wafanyao kazi hiyo wawe na leseni au usajili. Fedha ziwekwe katika SACCOS, katika kikundi cha akiba kilichosajiliwa, au benki, kwa jina la mwenyewe. Kazi ya chama ni kumwezesha mwanachama kuamua kwa maandishi, kabla ya malipo ya korosho, ni kiasi gani kiende huko moja kwa moja. Fedha ambazo hazikupita mkononi hazina mazoea ya kupotea.

Pili, wanachama wenye watoto katika shule moja wajuane. Watoto kumi wanaokwenda njia moja hawahitaji wazazi kumi wa kuwasindikiza. Wawili wanatosha, na nauli za wanane zimeokolewa kwenda na kurudi. Wakiwa wengi zaidi wanaweza kukodi gari, alimradi lina leseni ya kazi hiyo na mkataba umeandikwa. Huo ni ushirika katika maana yake ya asili: watu wenye haja moja kuitimiza pamoja kwa gharama ndogo kuliko ya kila mmoja peke yake.

Tatu, katibu alete ukurasa wa safari katika mkutano wa wanachama kabla ya msimu, auchore ubaoni, na kila mmoja aondoke ameujaza wake.

Ndugu Wanachama, mkorosho huzaa kila mwaka, lakini kilo iliyoahidiwa Agosti hairudi Novemba. Mtu atakayeandika safari zake sasa, mlango wake utabishwa Agosti na mnunuzi wa kangomba kama kawaida. Mwenye nyumba atamkaribisha maji ya kunywa, atamjulia hali, na kumwambia kwamba mtoto amekwisha kwenda shule.