Mwalimu Mwandishi na Nyumba Yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wazazi, Kaengesa)



Nimeombwa niseme habari ya mwalimu apendaye kuandika vitabu, jinsi awezavyo kushika chaki na kalamu pamoja, na nyumba yake isipungukiwe. Nadhani walionipa neno hili walitazamia ratiba: saa hii ya kusahihisha madaftari, saa hii ya shamba, saa hii ya mashairi. Ratiba ni kitu chema, nayo hupendeza ikibandikwa ukutani. Walakini mtoto apatwaye na homa usiku haisomi. Kwa hiyo nataka kwanza tuulizane jambo jingine: saa ile ya kuandika hutoka wapi, na nani ailipaye?

Shule haiwezi kuilipa. Mwalimu atungaye hadithi yake huku darasa likinakili ubaoni amewachukulia watoto kilicho chao. Shamba nalo halilipi, hasa huku kwetu Ufipa, maana mvua ikianza haimngoji mtunzi amalize sura yake. Basi yabaki nyumba. Saa ya mwandishi hukatwa katika jioni ya mke, katika maongezi ya watoto, katika taa iliyonunuliwa kwa fedha ya jamaa yote. Na mwandishi akiwa ni mwalimu wa kike, mara nyingi saa hiyo hukatwa katika usingizi wake mwenyewe, kwa kuwa wengine wote wamekwisha kula, kuoga na kulala kwa kazi ya mikono yake. Sioni haki katika jambo hilo, nami nalisema mbele ya wanaume waliopo hapa.

Wazee wetu walimwita katekista “mwalimu”, na jina hilo lilimstahili. Basi niwakumbushe mwalimu wa namna hiyo, Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, akajua Kilatini na lugha nyingine za kigeni, kisha akaoa, akamtumikia Mungu na watu wake katika misheni ya Kagunguli. Katika miaka ya kazi hiyo aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliokosa mtoto. Aliimaliza mwaka 1945. Padre Almas Simard, mtu wa Kanada, alimtia moyo sana, lakini hakupatikana mchapaji aliyekubali kitabu kirefu kwa lugha ya watu wachache. Miaka ikapita. Kitereza akakaa tena mezani, akiwa mzee mwenye maradhi ya viungo, akakigeuza chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House walikichapa mwaka 1980, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 1981 Kitereza alifariki, kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia mkononi.

Hesabuni wenyewe: tangu 1945 hata 1980 ni miaka 35.

Watu wakisimulia habari hii huishia hapo, wakasikitika. Mimi hupenda kutazama ndani ya nyumba yake. Kitereza na mkewe Anna walizikwa na huzuni ileile ya Myombekere na Bugonoka, maana watoto wao hawakuishi. Kwa desturi za siku zile, jamaa za mume wangeweza kumshurutisha aoe mwingine. Kitereza alikaa na Anna. Ndipo twafahamu kwa nini kitabu kile chaweza kueleza kwa subira nyingi jinsi mume anavyomfuata mkewe aliyerudishwa kwao kwa sababu ya utasa, jinsi anavyotozwa pombe ya ndizi na wakwe zake, na jinsi anavyohangaika kuitafuta. Mambo hayo hayakuokotwa njiani. Aliyeyaandika aliujua uzito wa nyumba isiyo na kilio cha mtoto. Tungemwambia Kitereza aiweke nyumba upande huu na kalamu upande ule, tusingekuwa na kitabu. Na mwaka 2002, Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, mwandishi na mwalimu wa chuo kikuu, alitoa tafsiri ya Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe. Kazi ya mwalimu mmoja imebebwa na mwalimu mwingine.

Karibu nasi zaidi yuko Adriano Atiman wa Karema, mahali palipokuwa mama wa jimbo hili tangu zamani, kabla ya Mpanda kupewa jimbo lake mwaka 2000. Huyu hakuwa mwandishi kwa kazi. Alikuwa mganga na katekista, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto katika nchi za Timbuktu, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko hata kufa kwake mwaka 1956. Katika miaka hiyo yote alituachia masimulizi mafupi ya maisha yake, yaliyochapwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Ni kurasa chache. Lakini mtu akitaka kujua leo mtoto mtumwa aliona nini, hana budi kuzirudia kurasa hizo. Nalisema hili kwa ajili ya walimu waniambiao kwamba hawana nafasi ya kuandika kitabu. Nani amewaomba kitabu? Kurasa 20 za kweli zatosha kuanza.

Sasa nirudi shambani, maana huko ndiko ninakopata mfano. Wakulima wa Ufipa, mvua zinapokaribia kwisha, hukata majani na kuyafukia ndani ya vilima vya udongo tuviitavyo ntumba. Mara nyingi juu yake hupandwa maharage. Majani huoza polepole kiangazi kizima, na mvua mpya zikifika kilima hubomolewa, udongo wake hutandazwa, ulezi ukapandwa. Mgeni apitaye njiani mwezi wa Julai aona vilima vikavu, adhani shamba limetupwa.

Mwalimu naye ana ntumba yake. Muhula wa masomo si wakati wa kutunga hadithi ndefu. Ni wakati wa kukata majani. Neno alilolisema mtoto wa darasa la tatu, methali ya bibi kizee aliyekuja kuuliza habari za mjukuu wake, ugomvi wa mpaka wa shamba, wimbo wa wavunaji: yote yaandikwe katika daftari dogo la mfukoni, mistari miwili mitatu, kisha mtu aende zake akasahihishe hesabu. Likizo ya Juni, mavuno yakiwa yanaingia ghalani na baridi ikituzuia nje, ndipo kilima kibomolewe. Kwa njia hii shule haiwi adui wa kalamu. Ndiyo iletayo majani. (Simu ya mkononi ndiyo siitetei. Hula saa mbili za jioni bila kumwomba mtu ruhusa, wala haiachi hata jani moja.)

Bali hata saa za Juni zina mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu aseme na wa nyumbani mwake waziwazi, kabla hajafungua daftari: naomba jioni mbili kwa juma, na mimi nitashika kazi fulani badala yake, iwe kuchota maji, iwe kuwaogesha watoto, iwe kupika. Kisha alipe. Asije akasema, “Niacheni, nina kipaji”. Kipaji hakikoki moto jikoni. Tena awasomee alichoandika. Mke au mume asikilizaye jioni hujua upesi penye uongo, na watoto hulala pale hadithi inapochosha. Sijaona mhariri apitaye hao.

Mwisho, neno la wale wenye madaftari yaliyokwisha kujaa, nao wapo humu, nawafahamu kwa jinsi walivyoinamisha macho. Msiyaweke darini juu ya jiko, penye moshi na panya. Nakilini kwa mkono, au kwa mashine, au mkapige picha kila ukurasa, na nakala ya pili ilale katika nyumba nyingine, si chini ya paa moja na ya kwanza. Likizo ya Juni ijayo tukutane hapa tena, kila mtu na kurasa zake, na wa nyumbani mwake wakiketi mbele.