Namba ya Kidoleni: Utafiti wa Oksimita na Usalama wa Mgonjwa wa Nusukaputi

Kila mmoja wetu humu ndani anaujua mlio ule. Mgonjwa amelala, vyuma vinagongana kwenye sinia, daktari wa upasuaji anaomba taa isogezwe, na chini ya sauti zote hizo oksimita inalia tii, tii, tii. Mlio ukianza kushuka, kichwa chako kinageuka kabla jicho halijasoma namba. Waliotutangulia katika kazi hii hawakuwa nao. Walitazama midomo na kucha, na kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, chini ya taa hafifu, ubluu huonekana wakati maji yameshafika shingoni.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kuifanya nusukaputi iwe salama zaidi. Ningeweza kuleta habari za dawa mpya. Nimechagua kifaa hiki kidogo cha kupima oksijeni ya damu kwa sababu ndicho tunachokiamini kuliko vyote, na imani hiyo ina deni ambalo bado halijalipwa katika vyumba vyetu vya upasuaji.

Aliyekibuni ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa: kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, kwa kuingiza rangi kwenye mshipa na kuifuatilia kwa mwanga sikioni. Mapigo ya mshipa yakawa yanamharibia vipimo. Alipokuwa akihangaika kuyaondoa ndipo alipong'amua kwamba mapigo hayohayo yana habari ndani yake. Nyama, mfupa na ngozi havichezi. Kinachocheza ni damu ya ateri. Basi ukipitisha mwanga mwekundu na ule wa infraredi kidoleni, ukachukua sehemu inayopanda na kushuka peke yake, unapata uwiano wa mianga miwili unaobadilika kadiri oksijeni inavyopungua.

Hapa naomba tusimame kidogo. Uwiano ule si asilimia. Ili uwiano ugeuke kuwa 97 au 88, watengenezaji huwachukua watu wazima wenye afya, wakawapunguzia oksijeni kidogokidogo, wakatoa damu ya ateri na kuipima maabara, kisha wakatengeneza jedwali. Kila namba unayoisoma usiku wa manane imetoka kwenye jedwali la vidole vya watu wale. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2013 uliridhika na watu wasiopungua 10, ambao wawili kati yao, au asilimia 15, wawe na ngozi nyeusi sana. Wawili!

Lakini kwanza, je, kifaa chenyewe kinaokoa? Nchini Denmark walifanya jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1993. Wagonjwa 20,802 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakawekewa oksimita na nusu hawakuwekewa. Upungufu wa oksijeni uligunduliwa kwa asilimia 7.9 ya wenye oksimita, na kwa asilimia 0.4 tu ya wasio nayo, yaani mara 19 zaidi. Dalili za moyo kukosa damu zilipungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, katika vifo na madhara ya baada ya upasuaji haikuonekana tofauti.

Wako wanaoyasoma matokeo hayo na kusema kifaa hakina faida. Mimi nayasoma hivi: tuseme, kwa mfano tu, kifo cha kukosa hewa chini ya nusukaputi katika hospitali yenye wataalamu wa kutosha ni kimoja kwa wagonjwa 10,000. Kila kundi lingekuwa na kifo kimoja. Oksimita ikikizuia, unabaki na sifuri dhidi ya moja, na hakuna mwanatakwimu atakayekuthibitishia kwamba hiyo si bahati tu. Usalama una ugumu huu katika utafiti: kadiri ajali inavyokuwa adimu, ndivyo unavyohitaji wagonjwa wengi zaidi kuonyesha kwamba umeizuia. Tena wale waliokuwa bila oksimita kule Denmark walikuwa na mtaalamu kichwani mwao muda wote. Kwetu kuna mahali ambapo muuguzi mmoja wa usingizi anahudumia meza mbili.

Ifakara, hapa kwetu Tanzania, wanaifahamu habari hii ya usalama wa upasuaji kwa karibu. Hospitali ya huko ilikuwa mojawapo ya hospitali nane, pamoja na za London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi na Manila, zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2007 na 2008. Kuhakikisha oksimita iko kidoleni na inafanya kazi ni mojawapo ya vipengele vya orodha hiyo. Kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Ulikuwa utafiti wa kabla na baada, hivyo hatuwezi kuipa oksimita sifa yote. Lakini nafurahi kila ninapolitaja jina la Ifakara katika orodha ya miji ile, kwa sababu linatukumbusha kwamba swali la dunia linaweza kujibiwa kwa wagonjwa wa bonde la Kilombero.

Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba vyumba vya upasuaji 77,700 duniani havikuwa na oksimita. Tangu hapo juhudi za kugawa vifaa zimefanyika, ikiwemo ya shirika la Lifebox lililoanzishwa mwaka 2011, na nyingi zimefika kwetu. Kwa hiyo sasa swali linahama. Namba tunayo; je, ni ya kweli?

Desemba 2020, katikati ya korona, watafiti wa Michigan walilinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu ya ateri vya wagonjwa hospitalini. Walitafuta wale ambao oksimita iliwasomea 92 hadi 96 wakati oksijeni ya damu yao ilikuwa chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe ilitokea katika asilimia 3.6 ya vipimo. Kwa weusi, asilimia 11.7. Karibu mara tatu. Marekani ilishtuka. Nasi tulipaswa kushtuka zaidi, maana kule wanazungumzia kundi mojawapo la wagonjwa. Hapa tunazungumzia karibu kila anayepanda meza.

Nina mama mmoja ninayemkumbuka, katika hospitali niliyofanya kazi zamani. Alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa uzazi, anahema harakaharaka, oksimita inasema 94. Niliitazama namba, nikaandika, nikaendelea na kazi. Muuguzi mzee akamtazama mama, akamwekea oksijeni bila kuniuliza. Alipona. Namshukuru muuguzi yule mpaka leo, na hadi leo sijui damu ya mama yule ilikuwa na kiasi gani.

Kwa hiyo ninalopendekeza ni utafiti usio na makuu. Katika wodi za wagonjwa mahututi za hospitali zetu za rufaa, damu ya ateri huchukuliwa kwa ajili ya matibabu ya mgonjwa mwenyewe. Dakika ileile sindano inapoingia, namba ya oksimita iandikwe. Isiandikwe ya dakika kumi kabla, kwani namba ya zamani ikilinganishwa na damu ya sasa inadanganya. Vitumike vifaa vilevile tunavyotumia, vikiwemo vile vidogo vya bei nafuu vinavyouzwa madukani. Rangi ya ngozi ipimwe kwa kadi ya viwango, sio kuandika tu "mweusi", maana weusi wa Pemba na wa Ukerewe si mmoja. Iandikwe himoglobini, kwani oksimita itakusomea 99 kwa mama aliyebaki na gramu 5, ikakwambia kila chembe imejaa bila kukwambia chembe zimebaki ngapi. Wenye selimundu waandikwe peke yao. Ubaridi wa mkono uandikwe. Na kwa ndugu zetu wa pwani, iandikwe pia piko ya vidoleni: bibi harusi hufutwa rangi ya kucha, lakini piko haifutiki, na dawa yake ni kuhamia sikioni.

Kibali cha maadili kitaombwa kwa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na ridhaa itaombwa kwa ndugu pale mgonjwa asipoweza kusema, kisha kwake mwenyewe akipata fahamu. Akikataa, takwimu zake zinafutwa.

Wakati tunasubiri majibu, oksimita ibaki kidoleni. Ila ninaomba jambo moja lianze kesho asubuhi: mgonjwa akisomwa 92 hadi 94 na huku anahema kwa shida, tuyaamini mapafu yake kabla ya kioo, tumpe oksijeni kama ipo, na pale penye mashine ya gesi za damu, tupime. Fomu ya kuandikia vipimo hivyo viwili kwa pamoja nimeitengeneza, ina ukurasa mmoja, na nakala ziko mezani karibu na mlango.