Mpangaji, Mwalikwa na Nyumba za Nyuma ya Ghala
Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu



Katika siku hii ya kutimiza miaka kumi wengi mtatazamia tuseme juu ya tani na bei. Hayo yamo katika taarifa ya Mweka Hazina, naye ayajua kuliko sisi. Tumeomba ruhusa tuseme juu ya nyumba tatu za bati zilizo nyuma ya ghala letu, na watu wanaolala ndani yake.

Mwaka jana mtunza ghala wetu alifariki. Kabla matanga hayajaanuliwa, ofisi ilimpelekea mjane wake barua ya kumtaka ahame katika siku saba. Barua ile tuliiandika sisi. Tuliamini kwamba, kwa kuwa marehemu hakulipa kodi, mjane hana haki yoyote. Mzee mmoja mwanachama alitujia ofisini akauliza, "Mwanangu, hayo mmeyasoma wapi?" Hatukuwa na jibu, ndipo tukaanza kusoma.

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, yatambua idhini ambayo mwenye ardhi humpa mtu kufanya jambo ambalo, bila idhini hiyo, lingekuwa uvamizi. Mwenye kupewa idhini ya namna hii huitwa mwalikwa. (Asichanganywe na mwenye leseni ya makazi itolewayo na halmashauri mijini, hiyo ni hati nyingine.) Mpangaji ni mtu tofauti: ana haki katika nyumba yenyewe, na aweza kumzuia hata mwenye nyumba asiingie bila hodi.

Tutawatenganishaje? Hapa twaazima kisa cha Uingereza, maana nchi yetu ilirithi sheria ya kule kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za baadaye husikilizwa kwa heshima ingawa hazifungi mahakama zetu. Mwezi Machi 1983 mwanasheria aitwaye Street alimpa Bibi Mountford vyumba viwili huko Boscombe, kwa pauni 37 kwa juma. Karatasi iliandikwa kuwa ni ruhusa tu, na Bibi akatia sahihi kukiri kwamba hapati ulinzi wa wapangaji. Shauri lilifika House of Lords, iliyokuwa wakati huo mahakama ya juu ya nchi ile, likaamuliwa mwaka 1985. Majaji hawakujali jina la karatasi. Waliuliza: je, alivitawala vyumba peke yake? Kwa muda unaojulikana? Kwa kodi? Yote yalikuwapo, basi alikuwa mpangaji. Jaji Templeman alitoa mfano ambao mkulima hahitaji kufafanuliwa: mtu akifua chombo cha kuchimbia chenye meno matano, amefua jembe la uma, hata akishikilia kwamba alikusudia sepeto.

Kwa hiyo mwanachama anayepokea kodi kila mwezi asidhani kwamba kuandika "mgeni wangu" kutamwepusha. Kwa Sheria ile ya 1999, kodi ya nyumba ikilipwa mwezi kwa mwezi, na muda haukutajwa, notisi isipungue mwezi mmoja. Wala mwalikwa asidhani kwamba kukaa sana kutamfanya mwenyewe. Miaka 12 ya Sheria ya Ukomo ya 1971 haihesabiwi kwa mtu aliyekaribishwa. Mahakama zetu zimelisema hili mara nyingi, na bado kila msimu tunaletewa ugomvi wa aina hiyo juu ya kipande cha mihogo.

Mtunza ghala akaa pale kwa sababu kazi yamtaka alale karibu na mali. Huyo ni mwalikwa, si mpangaji. Katika hilo ofisi haikukosea. Ilikosea katika zile siku saba. Ruhusa ikiondolewa, mwalikwa hupewa muda wa kutosha akusanye vitu vyake na apate pa kwenda, na ndani ya muda huo si mvamizi. Akikataa, njia ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, si kung'oa mabati. Baraza la Kata, tangu mwaka 2021, husuluhisha tu, haliamui. Nayo Katiba, ibara ya 16, yahifadhi maskani ya kila mtu. Haikutaja wenye hati peke yao.

Muda wa kutosha ni siku ngapi? Hutegemea hali ya kila shauri, na hapo ndipo penye hatari. Waingereza walitunga sheria mwaka 1976 kuwalinda vibarua wa mashamba katika nyumba za waajiri, hata wale wenye ruhusa tu. Lakini sheria hiyo ni ya baada ya 1920, haikuvuka bahari. Kwetu, Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Basi kinga ya mkaaji imebaki kwa sehemu kubwa katika karatasi aliyotia sahihi, na marehemu hakuwa na karatasi.

Bodi yawaletea karatasi hiyo leo. Yataja chumba, kazi, na watu watakaokaa. Mwezi mmoja kwa anayeacha kazi, miezi mitatu kwa jamaa za aliyefariki. Baadhi ya wajumbe wauliza: mtunza ghala mpya atalala wapi wakati wa mavuno? Swali ni la haki. Mwaka jana chama kilimpangia chumba karibu na soko, na gharama hiyo mtaiona katika hesabu. Sisi twaona yafaa tuibebe.

Nakala ziko mezani kwa Karani. Tafadhali zisomeni kabla ya kura ya alasiri. Mjane alikaa hadi watoto walipofunga shule, akaleta ufunguo ofisini kwa mkono wake mwenyewe. Barua ya siku saba ingali katika jalada. Hatukuiondoa.