Herufi Moja

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni mkipika chai, njiani kwenda kazini, au kitandani kwa ajili ya ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Somo letu latoka katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, mstari wa 24 hata wa 28. Mwenye Biblia karibu na aifungue.

Hapo twasoma habari za Apollo wa Iskanderia, mtu msomi, hodari wa kunena, aliyefika Efeso akafundisha kwa bidii habari za Yesu. Lakini mafundisho yake yalipungukiwa na kitu, maana ubatizo alioujua ni ule wa Yohana peke yake. Prisila na mumewe Akila walimsikia katika sinagogi. Hawakusimama kumkatiza mbele ya watu. Walimwita kando, wakamjaza yale yaliyopungua. Baada ya hapo twamwona Apollo akienda Akaya na kuwafaa sana waaminio. Msomi yule alisahihishwa na mafundi wa kushona mahema, na kazi yake ikazidi kuwa njema.

Sasa tuwaambieni jambo tulilojifunza hapa kwetu Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru. Sisi wa Kaptembwo twajua habari za herufi. Jina la mtaa wetu wengine huliandika kwa o mwishoni, wengine kwa a, na matatu hutufikisha nyumbani vilevile. Lakini si kila herufi ina huruma namna hiyo.

Yuko binti mmoja katika ushirika wetu aliyejifunza mambo ya kompyuta. Mchana hufanya kazi dukani. Jioni huketi mbele ya kompyuta yake kuukuu akisahihisha makosa ya tahajia katika maelezo ya programu huria. Programu huria ni zile ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzisoma ndani yake, kuzitumia na kuzirekebisha. Mojawapo ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki. Kazi hii si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosemeshwa Kiswahili.

Kila programu ya namna hii huenda pamoja na maandishi ya kumwongoza mtumiaji. Maandishi hayo huandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, wengine usiku wakiwa wamechoka, na makosa huingia. Katika Linux yenyewe wameweka orodha ya maneno yanayokosewa mara kwa mara, na kando ya kila kosa wameandika neno lililo sahihi. Wakubwa wa kazi ile hawakuona haya kuyaandika makosa yao mahali ambapo kila mtu atayaona.

Tulimwuliza binti huyu, "Mwanetu, wapata faida gani kwa kurudisha herufi moja mahali pake?" Akatuonyesha ukurasa ambao msomaji aliambiwa aandike amri fulani, na amri ile ilikuwa imepungukiwa na herufi moja. Kompyuta haikisii, wapendwa. Ukikosea herufi, yakukatalia. Ndipo akatuambia, "Wazee wangu, mwanafunzi akikataliwa hivyo hasemi kitabu kimekosea. Husema, mimi ni mjinga."

Akatueleza pia jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Haendi kufuta katika kitabu cha wenyewe. Hufanya nakala, husahihisha katika nakala ile, kisha huipeleka kwa watunzaji pamoja na maneno machache ya kueleza alichobadili. Wao hutazama, wakakubali au wakakataa. Barua yake ya kwanza, alituungamia, ilikuwa na kejeli ndani yake, na haikujibiwa. Akaiandika tena kwa upole, nayo ikapokelewa. Kosa lilikuwa lilelile, na sahihisho lilelile. Kilichobadilika ni roho ya mwenye kusahihisha.

Lakini huwa namna gani kosa lisiposahihishwa mapema? Katika miaka ya 1990, mtaalamu mmoja, Phillip Hallam-Baker, alipendekeza nyongeza katika kanuni ambazo kompyuta hutumia kupelekeana kurasa za intaneti. Neno la Kiingereza "referrer", lenye r mbili katikati, liliandikwa "referer", kwa r moja. Kosa likaingia katika kanuni zilizochapishwa Mei 1996. Lilipotambuliwa, programu zilizotengenezwa zilikuwa zimekwisha kulizoea. Kulisahihisha kungezivuruga zote. Basi likaachwa, na kanuni zilipoandikwa upya mwaka 2022 likaachwa tena. Kila siku kompyuta za ulimwengu huandika neno lile kwa makosa, kwa sababu kosa limegeuka kuwa sheria.

Ndugu wapendwa, hapo mioyo yetu ilichomwa. Kwa maana binti huyu twamjua tangu utoto wake. Alipobatizwa akiwa mtoto mchanga, sisi wazee wa kanisa tuliandika jina lake katika kadi ya ubatizo, tukakosea herufi moja. Mama yake alirudi Jumapili iliyofuata, akaomba turekebishe. Tulikuwa na shughuli za mavuno ya kanisa. Tukamwambia, "Mama, ni herufi tu. Mungu anamjua mtoto wake."

Ni kweli Mungu alimjua. Lakini kadi ile ndiyo iliyotangulia kwenda shuleni, na shule ikaandika kama kadi ilivyosema. Cheti cha mtihani kikafuata shule. Alipotafuta kitambulisho, cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina moja na vyeti vya shule vina jingine. Ikampasa kuapa mbele ya wakili, kulipa nauli na kurudi ofisini mara nyingi, na nafasi ya kazi aliyokuwa ameahidiwa ikapewa mwingine. Mama yake alikuwa ametuletea sahihisho wakati ambapo lingegharimu kalamu na dakika moja. Tulilitumia jina la Mungu kufunika uvivu wetu.

Tulikwenda nyumbani kwao, tukaomba radhi kwa mama na kwa binti. Hawakutulaumu. Binti alisema tu kwamba yeye ajua jinsi herufi moja iwezavyo kumchosha mtu, na ndiyo maana hukesha akizitafuta.

Wapenzi wasikilizaji, Bwana wetu alifundisha katika Luka 16:10 kwamba uaminifu wa mtu hupimwa katika lililo dogo sana. Basi leo tujiulize. Wewe uliyepewa daftari la kanisa, la chama au la shule, ni nani aliyekujia na sahihisho ukamwambia ni jambo dogo? Mtafute leo, kabla kosa halijawa sheria. Nawe mzazi, pengine mtoto wako alikuambia kwa adabu kwamba ulimwadhibu bila hatia. Usiseme, mimi ni mkubwa. Apollo alikuwa mkubwa.

Nawe uliye na macho ya kuona makosa ya wengine, kipawa hicho ni chema, lakini Paulo katika Wagalatia 6:1 ataka tumrejeze aliyekosea kwa upole, huku tukijiangalia wenyewe. Mwite kando. Usimpigie kelele mbele ya ushirika. Mletee sahihisho mkononi, si lawama tupu. Wala usichoke ukikataliwa mara ya kwanza. Pengine ni barua yako inayohitaji kuandikwa upya.

Na tuombe. Ee Baba yetu, umeyajua majina yetu wala huyakosei. Utusamehe makosa tuliyoyaona madogo kwa kuwa aliyeumia hakuwa sisi. Utupe unyenyekevu wa kusahihishwa na upole wa kusahihisha. Uwabariki wote wafanyao kazi ndogo zisizoonekana, ili mwingine asijikwae. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.